Joto na Baruti: Kuchagua Baruti Isiyoyumbishwa na Halijoto kwa Risasi za Kuwindia

Risasi iliyojazwa na kujaribiwa siku ya baridi hubadilika tabia inapopigwa katika nchi ya joto. Ganda ni lile lile, kipimo cha baruti ni kile kile, na kichwa cha risasi hakikupungua wala kuongezeka uzito. Hata hivyo kanieneo la gesi ndani ya bunduki hupanda, na mwendo wa kichwa cha risasi huongezeka. Mara nyingi badiliko hilo ni dogo na mwindaji halitambui. Lakini kama risasi ilikuwa imekwisha kujazwa hadi kwenye mpaka wa usalama, badiliko dogo latosha kulifanya ganda likwame katika chemba wakati ambapo risasi ya pili inahitajika kwa haraka.

Jambo hili lina maana ya pekee katika uwindaji wa Afrika. Kujaza risasi kwa mkono ni desturi iliyoenea sana Marekani, Afrika ya Kusini, Australia na sehemu za Ulaya. Mwindaji wa Minnesota aweza kupima risasi zake mwezi wa Novemba, halijoto ikiwa karibu na nyuzi 0 za sentigredi, kisha akazitumia mwaka unaofuata katika bonde la mto Rufiji mwezi wa Oktoba, ambapo joto la kivulini hupita nyuzi 35 na joto ndani ya gari lililofungwa juani huweza kupita nyuzi 60. Askari wa wanyamapori anayefuatana naye porini hana habari ya kilichomo ndani ya ganda, lakini usalama wake unategemea kilichomo.

Kinachotokea ndani ya ganda

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa cha risasi. Pini ya bunduki ikiigonga fataki, mwali hupenya katika ganda na kuziwasha punje za baruti. Baruti hailipuki kwa mara moja kama baruti kali ya kupasulia miamba. Huungua kuanzia juu ya uso wa kila punje kuelekea ndani, tabaka baada ya tabaka. Gesi inayotokana na kuungua huko hukisukuma kichwa cha risasi kupitia mtutuni. Kazi yote huchukua muda wa zaidi kidogo ya sehemu moja kwa elfu ya sekunde, na kanieneo hufikia kilele chake kabla kichwa cha risasi hakijasafiri mbali ndani ya mtutu.

Kasi ya kuungua kwa baruti haikai mahali pamoja. Kanieneo likiongezeka, moto husukumwa karibu zaidi na uso wa punje na kuungua huongezeka kasi. Kwa hiyo upo mzunguko unaojizidishia nguvu: gesi huongeza kanieneo, kanieneo huongeza kasi ya kuungua, nayo kasi huzaa gesi zaidi. Mzunguko huo hutulizwa na kusogea kwa kichwa cha risasi, kwa sababu kinapokwenda mbele nafasi ya gesi hupanuka. Ufundi wa kuchagua baruti ni kuzilinganisha kasi hizi mbili, ile ya gesi kuzaliwa na ile ya nafasi kupanuka.

Ganda lenyewe hufanya kazi ya kizibo. Limetengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, madini ambayo hutanuka kidogo na kurudi. Risasi inapopigwa, ganda hutanuka na kuzikaza kuta za chemba ili gesi isivuje nyuma. Kanieneo likishuka, ganda hunywea na kutoka kwa urahisi. Kanieneo likipita kiasi, ganda hutanuka kupita uwezo wake wa kurudi, nalo hubaki limekaza. Hiyo ndiyo sababu komeo hugoma kufunguka.

Kwa nini joto huongeza kasi

Mama mwenye vyungu viwili vya maji juu ya mafiga, kimoja chenye maji ya mtungini na kingine chenye maji yaliyoachwa juani, anajua kipi kitatangulia kuchemka. Maji yaliyokwisha kupata joto yanahitaji joto kidogo zaidi kufikia kiwango cha kuchemka. Baruti nayo ni hivyo. Kabla tabaka la punje halijavunjika na kuwa gesi, ni lazima uso wake upashwe moto hadi kiwango fulani. Punje iliyoanza katika nyuzi 40 iko karibu zaidi na kiwango hicho kuliko punje iliyoanza katika nyuzi 0. Moto ule ule hulimaliza tabaka kwa muda mfupi zaidi, na kwa sababu ya ule mzunguko uliokwisha kuelezwa, tofauti ndogo ya mwanzo hukuzwa kabla kanieneo halijafika kileleni.

Fataki pia huathiriwa na joto, lakini sehemu kubwa ya badiliko hutokana na baruti. Katika baridi kali sana huweza kutokea jambo la kinyume: punje za baruti fulani huwa kavu na rahisi kuvunjika kama kioo, hupasuka zinapopigwa na mwali wa fataki, na kwa kuwa vipande vingi vina uso mkubwa wa kuungulia, kanieneo hupanda badala ya kushuka. Kwa hiyo hatari haiko upande wa joto peke yake.

Funzo la kodaiti

Tatizo hili lina umri sawa na baruti isiyotoa moshi. Baruti nyeusi ya zamani, ile inayoshindiliwa katika magobori, ni mchanganyiko wa chumvi ya shura, makaa na salfa. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi kwa kutumia nitroselulosi, yaani pamba iliyotiwa asidi ya nitriki. Mwaka 1889 wanasayansi wa Uingereza Frederick Abel na James Dewar walitoa kodaiti, baruti yenye umbo la nyuzi ndefu kama tambi. Kodaiti ya kwanza ilikuwa na nitrogliserini asilimia 58, nitroselulosi asilimia 37 na mafuta mazito ya petroli asilimia 5.

Mwaka 1898 mtengenezaji wa bunduki John Rigby aliitumia kodaiti katika risasi ya .450 Nitro Express, iliyorusha kichwa cha gramu 31 kwa mwendo wa karibu mita 655 kwa sekunde. Bunduki za namna hiyo, nyingi zikiwa za mitutu miwili, zilipelekwa Uhindi na Afrika kwa ajili ya tembo, nyati na simba. Huko ndiko ilikodhihirika kwamba kodaiti yenye nitrogliserini nyingi huathirika sana na joto. Risasi iliyokuwa tulivu katika hali ya hewa ya Uingereza ilikaza ganda katika jua la tropiki. Bunduki ya mitutu miwili haina komeo lenye nguvu ya kuling'oa ganda lililokwama, na hapo mwindaji alibaki na rungu la bei kubwa mkononi.

Mafundi walijibu kwa njia tatu. Kwanza, walibadilisha baruti yenyewe: kodaiti mpya ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilipunguziwa nitrogliserini hadi asilimia 30. Pili, walitengeneza risasi maalumu za nchi za joto, zenye kipimo cha baruti kilichopunguzwa. Tatu, walipanua ganda. Risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ni mfano mzuri wa njia hii ya tatu. Ganda lake ni kubwa kuliko linavyohitajika, hivyo hutoa nguvu ya kutosha kwa kanieneo la wastani, na joto likilipandisha ipo nafasi ya akiba kabla ya kufika kwenye hatari. Viwango vya Ulaya vya leo vinairuhusu kufikia megapaskali 325 tu, wakati risasi nyingi za baadaye zenye kazi kama hiyo huruhusiwa kufikia 430.

Risasi ya .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 ilitoa funzo jingine. Ganda lake lilifupishwa ili litoshe katika bunduki za kawaida za komeo, na ili kuupata mwendo uliotakiwa ilibidi baruti ikandamizwe kwa nguvu. Katika baadhi ya risasi za miaka ile, punje zilizobanwa kwa muda mrefu ziligandamana na kuungua vibaya, na kichwa cha risasi kikatoka kwa mwendo pungufu. Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959, alitoa mwaka 1971 risasi ya .458 Lott, yenye ganda refu zaidi linaloipa baruti nafasi. Ni wazi basi kwamba utulivu wa baruti hautokani na kemikali peke yake. Nafasi iliyopewa katika ganda nayo ina sehemu yake.

Aina za baruti za leo

Baruti za bunduki za kuwindia hugawanywa katika makundi mawili kwa kemikali. Baruti ya msingi mmoja hutegemea nitroselulosi peke yake. Baruti ya misingi miwili huongezewa nitrogliserini, na hutoa nguvu zaidi kwa uzito ule ule. Kwa umbo, kuna punje za vijiti vilivyokatwa vifupi, na kuna punje za duara zilizobuniwa Marekani katika miaka ya 1930.

Punje ya duara hupimika vizuri katika kipimio kwa sababu hutiririka kama mtama, lakini ina tatizo la maumbile. Inapoungua uso wake hupungua, kwa hiyo hutoa gesi nyingi mwanzoni na kidogo mwishoni. Ili kuizuia isikimbie mwanzoni hupakwa kemikali ya kuchelewesha moto, na utendaji wa baruti nyingi za aina hii hubadilika zaidi pamoja na halijoto. Punje ya kijiti yenye tundu katikati huungua kwa nje na kwa ndani kwa pamoja. Uso wa nje ukipungua, wa ndani hupanuka, na gesi hutoka kwa ulinganifu.

Baruti zilizotengenezwa hasa ili zisiyumbishwe na halijoto nyingi ni za vijiti vifupi, zenye umbo na kemikali za kuchelewesha zilizochaguliwa kwa uangalifu. Zinazojulikana zaidi hutoka katika kiwanda cha Mulwala, New South Wales, Australia, nchi ambayo ina sababu zake yenyewe za kulijali joto. Huuzwa Marekani na Hodgdon chini ya jina la Extreme, na miongoni mwake ni Varget, H4895, H4350 na H4831. Hata hivyo hakuna baruti isiyobadilika kabisa. Iliyo tulivu katika ganda moja huweza kuyumba katika ganda jingine, kwa kuwa fataki, uzito wa kichwa cha risasi na kiasi ganda lilivyojaa huchangia matokeo.

Hesabu ya tofauti

Kwa baruti ya kawaida, mwendo huongezeka takribani nusu mita kwa sekunde, au zaidi kidogo, kwa kila uzi mmoja wa sentigredi. Kwa baruti tulivu katika ganda linaloifaa, ongezeko huwa karibu sehemu moja ya kumi ya mita. Ichukuliwe risasi ya .375 Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912, yenye kichwa cha gramu 19.4 na mwendo wa mita 770 kwa sekunde katika nyuzi 0. Katika nyuzi 40, baruti ya kawaida yenye badiliko la mita 0.55 kwa kila uzi itaongeza mita 22, na mwendo utakuwa 792. Baruti tulivu yenye badiliko la mita 0.1 itaongeza mita 4, na mwendo utakuwa 774.

Wengi wakiona hesabu hiyo hufikiria kwanza shabaha, lakini hapo ndipo wanapokosea. Katika mita 150, tofauti ya mita 22 kwa sekunde huipandisha risasi sentimita moja au zaidi kidogo. Hata katika mita 300 ni sentimita chache tu. Nyati hatakoswa kwa sababu hiyo. Jambo la kuangaliwa ni kanieneo. Mwendo ukiongezeka kwa asilimia 3, kilele cha kanieneo kwa kawaida huongezeka kwa asilimia 6 au zaidi. Risasi iliyokuwa imefika megapaskali 430 siku ya baridi itapita 455 siku ya joto, na akiba iliyowekwa na watunga viwango imeanza kuliwa. Kwa mlenga shabaha wa masafa marefu sana, baruti tulivu ni msaada wa kulenga. Kwa mwindaji wa wanyama wakali, ni kinga ya komeo lisigome.

Namna ya kuchagua

Hatua ya kwanza ni kuangalia kasi ya baruti inayofaa ganda na uzito wa kichwa cha risasi. Baruti tulivu yenye kasi isiyofaa haina faida. Majedwali yanayochapishwa na watengenezaji wa baruti na wa vichwa vya risasi ndiyo mwongozo pekee wa vipimo. Makadirio na maneno ya kusikia hayafai. Jina nalo lisomwe lote: H4350 na IMR 4350 ni baruti mbili tofauti zenye vipimo tofauti, na kuzichukulia kuwa kitu kimoja kwaweza kuvunja bunduki.

Hatua ya pili ni kuchagua, miongoni mwa baruti zenye kasi inayofaa, ile inayolijaza ganda vizuri bila kukandamizwa kwa nguvu. Baruti inayojaza ganda hukaa mahali pamoja, na fataki huiwasha kwa namna ile ile kila mara.

Hatua ya tatu ni kuanza chini. Desturi ya usalama ni kuanza na kipimo kilichopungua asilimia 10 kuliko kiwango cha juu cha jedwali, kisha kupanda kidogo kidogo huku maganda yakikaguliwa. Komeo gumu, fataki iliyobapa na alama ing'aayo kwenye kitako cha ganda ni dalili za kuacha. Dalili hizo huchelewa kuonekana. Zikionekana, mpaka umekwisha kupitwa.

Hatua ya nne ni kuacha akiba. Risasi itakayotumika katika nchi ya joto isijazwe hadi kiwango cha juu, hata kama baruti ni tulivu. Mita 20 za mwendo zinazoachwa hazipunguzi kitu ambacho mnyama angekitambua.

Kupima joto

Maabara za majeshi ya nchi za NATO hupima risasi katika nyuzi 21, katika nyuzi 52 za joto na katika nyuzi 54 chini ya sifuri. Mwindaji hana maabara, lakini akiwa na kipima mwendo aweza kupata jibu linalotosha. Risasi kumi hupigwa asubuhi ya baridi na kumi nyingine adhuhuri ya joto, zote zikiwa za kundi moja la kujaza, zimekaa saa kadhaa katika sanduku pamoja na kipimajoto. Wastani wa mwendo wa kundi la kwanza hutolewa kutoka ule wa kundi la pili, na jibu hugawanywa kwa tofauti ya nyuzi. Kundi la risasi mbili au tatu halitoshi, kwa sababu risasi za kundi moja hutofautiana zenyewe kwa zenyewe. Ni marufuku kabisa kuzipasha risasi kwa moto, jiko au oveni.

Bunduki nayo ipoe kati ya risasi na risasi. Risasi ikiachwa kwa dakika kadhaa ndani ya chemba iliyokwisha kupata moto, baruti yake huwa na joto la chemba, si la hewa ya nje, na kipimo hupotea.

Utunzaji

Joto lina madhara mengine yanayokuja polepole. Nitroselulosi huvunjika yenyewe kadiri miaka inavyopita na kutoa gesi za nitrojeni, ambazo nazo huharakisha kuvunjika. Ndiyo sababu baruti hutiwa kihifadhi, kama difenilamini, kinachozinasa gesi hizo. Joto huongeza kasi ya kuvunjika, na kihifadhi huisha mapema. Baruti yenye harufu kali ya asidi, au inayotoa vumbi au moshi wa rangi ya kutu, imekwisha kuharibika na haifai kujazwa. Baruti ikae katika chombo chake cha awali, mahali pakavu na baridi, mbali na moto. Porini risasi zikae kivulini, wala si juu ya dashibodi ya gari.

Kujaza risasi, kama kumiliki silaha, hufungwa na sheria ya kila nchi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania huruhusu uwindaji kwa leseni, na ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ujuzi wa namna baruti inavyofanya kazi hauondoi wajibu wa kupata kibali.

Kwa ufupi, baruti tulivu hupunguza badiliko lakini hailiondoi. Mafundi wa mwaka 1911 hawakuwa na baruti za leo, nao waliwalinda wawindaji wao kwa kuacha nafasi ndani ya ganda. Mwindaji wa leo mwenye baruti bora akiacha nafasi ile ile amejilinda mara mbili. Akiitumia yote kwa kutafuta mwendo, amerudi pale pale kodaiti ilipokuwa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini punje ya baruti yenye joto huungua haraka kuliko punje baridi, ingawa moto ni ule ule.

2. Risasi ilitoa wastani wa mita 768 kwa sekunde katika nyuzi 18, na mita 777 katika nyuzi 36. Badiliko kwa kila uzi ni kiasi gani? Je, baruti hiyo ni tulivu?

3. Kwa nini bunduki ya mitutu miwili huathirika zaidi na ganda lililokaza kuliko bunduki ya komeo?

4. Taja njia tatu zilizotumiwa na mafundi wa zamani kukabili joto la tropiki, na ueleze ipi ingali na manufaa hata kwa mwenye baruti ya kisasa.